Kayaki Mpya, Maji Gani? Dhana Potofu Kuhusu Mahali pa Kuanzia

Mwenye kayaki mpya huchagua maji kwa macho. Akiona uso wa maji umelala, hakuna povu wala kishindo, anashusha chombo. Tatizo ni kwamba macho humwonyesha maji yalivyo wakati yeye bado yuko nchi kavu. Cha kujiuliza ni hiki: nikipinduka hapa, kafi likanitoka mkononi na nguvu zikaniishia, upepo na maji vitanipeleka wapi? Jibu likiwa "kwenye mchanga ule pale, mita 50", panafaa. Likiwa "kule nje" au "sijui", tafuta pengine. Dhana nyingi zinazorudiwa kuhusu mahali pa kuanzia hushindwa kulijibu swali hilo.

Dhana: Maji yakiwa shwari karibu na ufuko, mahali ni salama

Hii ndiyo inayowaponza wengi, kwa sababu nusu yake ni kweli. Upepo unaotoka nchi kavu kwenda majini hukingwa na miti, majengo na vilima, hivyo karibu na ufuko hubaki ukanda wa maji laini. Ukivuka ukanda huo, kinga imekwisha. Kadiri upepo unavyosafiri juu ya maji bila kizuizi ndivyo unavyozidi kuyainua mawimbi. Mgeni wa kayaki hutoka kwa raha, chombo kinateleza, naye anasadiki ni mikono yake inayofanya kazi. Akigeuza omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, kurudi ndipo anapojua ni nani aliyekuwa akisukuma.

Anayeanza hupiga kafi kwa mwendo wa kama kilomita 4 au 5 kwa saa kwenye maji yaliyotulia, na hawezi kuudumisha kwa muda mrefu. Upepo wa mbele unaupunguza mwendo huo na kuisukuma omo upande huu na huu, kwa hiyo nusu ya nguvu zake inaishia kwenye kunyoosha chombo.

Unachotaka ni upepo hafifu unaovuma kutoka majini kuja ufukweni. Ukichoka, ukiangusha kafi, hata ukikaa tu bila kufanya lolote, unarudishwa ulikotoka. Nasema hafifu, maana upepo ukiwa na nguvu utayavunja mawimbi palepale unaposhushia chombo. Kwenye kipimo cha Beaufort, kinachopanga nguvu za upepo kwa madaraja, vilele vyeupe huanza kuonekana hapa na pale kwenye daraja la 3, yaani upepo wa kilomita 12 hadi 19 kwa saa. Daraja la 4 vimeshatapakaa. Ukiviona kwa wingi, kayaki isishuke kwenye gari.

Upande wa upepo utaujua kwa moshi, bendera, au majani makavu uliyoyarusha juu. Usiishie hapo ulipo, kwa sababu hapo huenda umekingwa. Tazama maji ya mbali: yakiwa na rangi nzito zaidi na vijikunjo vidogovidogo, upepo uko kule hata kama shavuni mwako husikii kitu.

Hali hiyo ina saa zake pia. Jua likishapasha nchi kavu, hewa ya juu yake hupanda na ile ya majini huja kujaza nafasi. Ndiyo maana fuko nyingi za bahari na za maziwa makubwa huwa tulivu saa 1 asubuhi na kuchafuka ifikapo saa 8 mchana. Mahali ulipopakagua jana asubuhi hujapakagua kwa ajili ya leo alasiri.

Dhana: Ziwa au bwawa ni la watoto, hatari iko baharini

Ziwa dogo ni chaguo zuri, na mimi ndilo ningelitaja la kwanza. Uzuri wake ni kwamba upepo wowote utakufikisha ukingo fulani upesi. Ila ukingo huo ukatazame kwa miguu kabla hujashusha chombo. Ukiwa ni ukuta wa mawe, matete mazito au tope la kiunoni, kufika kwako hakusaidii, kwani utabaki majini ukiwa umeshika nchi kavu kwa mkono mmoja.

Mabwawa yaliyojengwa kwa ajili ya umeme au umwagiliaji yana mambo yake. Karibu na ukuta kuna milango inayovuta maji kutoka chini huku juu pakionekana pametulia. Kina hupanda na kushuka kwa ratiba ya wanaoliendesha bwawa, na mto ulio chini ya ukuta unaweza kujaa ghafla wakifungulia maji. Maboya au kamba ya kuzuia watu ikiwepo, kaa nayo mbali.

Halafu kuna viumbe. Sehemu zenye kina kifupi, utulivu na majani, ambazo ushauri mwingi unamwelekeza anayeanza, ndizo hizohizo viboko na mamba huzipenda pale wanapopatikana. Waulize wavuvi. Wakikwambia wapo, hakuna kona tulivu ya kutafuta katika maji hayo, nenda kwingine. Kwenye nchi zenye kichocho, konokono wanaokisambaza nao huishi kwenye maji yasiyo na chumvi, yaliyosimama na yenye mimea, na siku ya kwanza utakuwa ndani ya maji zaidi kuliko unavyodhani.

Dhana: Mto mwembamba hauna neno, nikianguka nitasimama

Kusimama ndiko hatari yenyewe. Kwenye maji yanayokimbia, mguu ukinasa kati ya mawe, mkondo unakulaza kifudifudi na kukushikilia hapo, hata kama maji yanafika mapajani tu. Uliyeanguka mtoni unatakiwa ulale chali, miguu ikiwa juu na imetangulia mbele, usogee ukingoni kwa mikono, usimame tu pale maji yalipopungua na kutulia.

Mkondo ukizidisha kasi mara mbili, nguvu yake ya kukusukuma inakuwa mara nne. Kwa hiyo tofauti kati ya mto "unaotembea" na "unaoharakisha" ni kubwa kuliko inavyoonekana. Upime. Tupa kijiti katikati, tembea sambamba nacho. Kikienda mita 10 kwa sekunde 10, hiyo ni kilomita 3.6 kwa saa, karibu na kasi yako yote. Huwezi kurudi juu. Ningetaka kijiti kinachozubaa.

Kuna mawili ambayo yakiwepo mbele, kule mkondo unakoelekea, yanaufuta mto kwenye orodha, hata uwe wa polepole kiasi gani. La kwanza ni mti ulioanguka majini: ni kama chujio la chai, maji yanapita kwenye matawi, mtu anabaki. La pili ni kizuizi kifupi cha zege kilichokatisha mto. Ukitazama kutoka juu unaona mstari ulionyooka tu, pengine nusu mita ya kuporomoka. Chini yake maji hujizungusha na kurudi nyuma kwenye kizuizi, na chochote kinachoelea, hata mwenye jaketi la kuokolea, huzungushwa pamoja nayo. Waokoaji wenyewe wamefia kwenye vizuizi vya namna hii.

Dhana: Baharini, pita pale pasipovunja mawimbi

Pengo laini kati ya sehemu mbili zenye mawimbi yanayovunja mara nyingi ni njia ya maji yanayorudi baharini. Yanakupeleka nje bila kukuuliza. Na kando yake, wimbi la nusu mita tu likikukuta ubavuni linakugeuza. Kwa siku ya kwanza, ufuko wenye mawimbi yanayovunja ni wa kutazamwa. Tafuta ghuba au hori lililokingwa.

Hori nalo lina saa. Pale ambapo maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, safari moja ya kujaa au kupwa huchukua saa 6 na ushei, na mwendo wake haulingani. Kwa hesabu ya mabaharia, saa ya kwanza husogeza sehemu 1 kati ya 12 za maji yote, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Maana yake nusu ya maji hupita katika saa mbili za katikati, na yakipita kwenye mlango mwembamba wa hori, huyo si mkondo wa mwanafunzi. Siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mambo huzidi. Chagua siku za maji mafu, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, ushuke maji yakikaribia kumaliza kujaa. Mkondo unakuwa umelegea, nawe hutarudi ukakuta ufuko umegeuka uwanja wa tope.

Dhana: Penye watu wengi ndipo pa kwenda

Watu ndiyo, injini hapana. Aliyeketi kwenye kayaki yuko chini sana, na nahodha wa boti ya kasi akikabiliana na jua anaweza asimwone kabisa. Gati, mlango wa bandari na njia ya vivuko viache.

Dhana: Jua likiwaka, maji hayana baridi

Maji hayapashwi na jua la siku moja. Chini ya nyuzi joto 15 za Selsiasi, kuanguka ghafla humfanya mtu avute pumzi bila hiari, na kichwa kikiwa chini ya maji pumzi hiyo ni ya maji. Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, aliyetafiti baridi kwa miaka mingi, anafundisha kwa tarakimu 1-10-1 kuhusu maji yenye baridi kali: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 ambazo mikono bado inakutii, saa 1 kabla ya fahamu kupotea. Ujuzi wa kuogelea hauongezi kitu kikubwa kwenye ile dakika ya kwanza. Jaketi la kuokolea huongeza, likiwa limefungwa mwilini, siyo limelazwa nyuma ya kiti. Ukiwa na hiari ya maji mawili, chagua yenye joto zaidi.

Dhana: Mahali pazuri ni pale ambapo hutapinduka

Hapa ndipo ninapotofautiana na wauzaji wengi wa vyombo. Mahali pazuri pa mara ya kwanza ni pale unapoweza kupinduka mara nyingi kwa makusudi. Unataka mchanga unaoshuka taratibu na maji ya kifuani: marefu kiasi cha kutogonga kichwa, mafupi kiasi cha kusimama. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, kwa hiyo kayaki ya kukalia ndani iliyoingiza lita 200 ni kilo 200 za ziada. Huimwagi ukiwa unaelea kwenye kina kirefu. Ukisimama, na mwenzako akishika tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, inawezekana. Kayaki ya kukalia juu, yenye matundu ya kutolea maji, inasamehe zaidi, lakini nayo ina kazi ya kujifunza, kupanda tena kutoka majini.

Ukishazoea kutoka na kuingia, piga kafi sambamba na ufuko, usielekee nje, ukianza dhidi ya upepo ili urudi ukisukumwa. Nusu saa hadi saa moja inatosha. Na kile kitambaa cha kuziba mdomo wa kayaki kiunoni, hata kama kimeuzwa pamoja na chombo, siku hiyo kibaki nyumbani.