Wakili mwenye gazeti, eti hakuwa na upande?

Kila nikifundisha Marekani ya karne ya 19 lazima atokee mwanafunzi aniambie "mwalimu, zamani magazeti yalikuwa huru, hayakuwa na chama". Jamani nimechoka. Ni kinyume kabisa. Gazeti la mji mdogo kule Illinois au Ohio lilikuwa la chama waziwazi, mara nyingi hata jina lake ni Democrat au Republican, na mhariri ni wakili anayeutaka ubunge.

Hela za wasomaji zenyewe hazikutosha, mkulima analipa kwa kuni au mahindi au halipi kabisa, kwa hiyo kilichobeba gazeti ni matangazo ya mahakama, mnada wa shamba la mdaiwa, mirathi ya marehemu, na tenda ya kuchapa makaratasi ya kaunti, na hizo tenda anagawa nani kama siyo chama kilichoshinda? Chama kikichukua nchi mhariri anaomba upostamasta, yaani ukuu wa ofisi ya posta, Andrew Jackson alipoingia urais 1829 wahariri kibao walipata vyeo. Na Abraham Lincoln, wakili wa Springfield aliyekuja kuwa Rais, Mei 1859 alinunua kimyakimya gazeti la Kijerumani, Illinois Staats-Anzeiger, akamwachia Theodore Canisius aliendeshe kwa sharti lisitoke kwenye msimamo wa Republican, uchaguzi wa 1860 ulipopita akamrudishia, na 1861 akampa ukonsuli (uwakilishi wa Marekani) kule Vienna. Haya, niambieni huo uhuru uko wapi.

Mimi huwa nawaambia, ukishika gazeti la enzi hizo achana na tahariri kwanza, soma yale matangazo madogomadogo ya kisheria, hapo ndo utajua mhariri anakula wapi.

Mengine ya haraka. Eti ili uwe wakili lazima uwe na digrii ya sheria: wapi, wengi walikaa ofisini kwa wakili mzoefu wakinakili hati kwa mkono na kumsoma Blackstone, yule Mwingereza aliyeandika vitabu vya sheria, halafu wanaulizwa maswali ya mdomo, basi. Lincoln alijisomea mwenyewe, leseni akapata 1836.

Eti mhariri aliandika gazeti zima: sheria ya posta ya 1792 iliwaruhusu kutumiana magazeti bure, kwa hiyo kazi kubwa ilikuwa mkasi, kukata habari za wenzao na kuzichapa upya. Mwaka 1861 huko Baraboo, Wisconsin, mhariri Ansel Kellogg alibaki peke yake mchapaji wake alipoenda vitani, akaagiza karatasi kutoka Madison zimeshachapwa upande mmoja, yeye akajazia wa pili!

Eti mawakili na wahariri wote walikuwa Wazungu: Alexander Clark, kinyozi Mweusi wa Muscatine, Iowa, aliishtaki bodi ya shule iliyomkataa binti yake Susan, akashinda mahakama ya juu ya jimbo 1868, digrii ya sheria kaipata 1884 ana miaka 58, akaendesha gazeti la Conservator kule Chicago, na 1890 Rais Harrison akamtuma Liberia kuiwakilisha Marekani. Na hicho cheo msidhani kilidondoka tu, chama cha Republican alikuwa amekipigia kampeni miaka na miaka.