Unaitwa Nani? Miaka 41 ya kulea watoto wa Waingereza

Juzi binamu yangu wa Kisauni kaniuliza kwa WhatsApp, "Dada, hivi kazi yako huko ilikuwa nini hasa, si uyaya tu?" Nikacheka peke yangu jikoni. Ndio, ni uyaya, lakini ule wa Kizungu wa zamani, wa kofia na kigari cha mtoto cha magurudumu makubwa, na una mambo yake.

Kwanza jina lenyewe ni balaa. Waingereza wanasema "nanny", masikioni mwetu ni nani. Nilipopata nyumba ya kwanza 1978 nikampigia mamangu kutoka kibanda cha simu, akaniuliza, "Wanakwitaje hapo?" Nikamwambia, "Nani." "Nakuuliza wewe!" "Mama, ndo jina, Nani!" Sarafu zikaisha, simu ikakata, na marehemu akakaa wiki nzima akidhani nimechanganyikiwa.

Nilikuja Uingereza 1976, nikasoma miaka miwili kozi ya NNEB, ile bodi ya mitihani ya walezi wa watoto iliyoanzishwa 1945. Nusu darasani, nusu na watoto wenyewe, na kila mtoto unayemwangalia unamwandika daftarini, kala nini, kalala saa ngapi, kasema neno gani jipya.

Kitu ambacho watu wa kwetu hawakielewi ni mipaka. Yaya wetu anapika, anadeki, anafua mpaka shati za baba, na mtoto yuko mgongoni. Yaya wa kizamani wa Kiingereza kazi yake ni mtoto basi. Nguo za mtoto anafua, chakula cha mtoto anapika, ila ukimwambia apige pasi suruali ya tajiri anakutazama kama umemtukana. Kwenye majumba makubwa enzi za Victoria watoto walikuwa na ghorofa yao juu kabisa, chumba cha mchana na chumba cha usiku, na yaya mkuu alikuwa na msichana wake wa kumsaidia, wazazi wanaletewa watoto kwa muda wa saa moja tu baada ya chai, wameoshwa na kuchanwa nywele, halafu wanarudishwa juu.

Mimi sikukuta hayo yote lakini nilikuta mabaki. Bibi mmoja aliyenifundisha alikuwa mtu wa Truby King, yule daktari wa New Zealand aliyesema mtoto anyonye kila baada ya saa nne, alale nje kwenye hewa, na asibebwebebwe. Jamani! Mimi nimetoka Mombasa, mtoto akilia anapewa ziwa, hakuna cha saa. Sasa Januari, baridi ya kuuma, mtoto amefungwa kwenye kigari bustanini kama mkate, pua nyekundu, na mimi niko dirishani natamani kumkimbilia. Kumbe kalala fofofo. Ile ya hewa nilikuja kuikubali. Ile ya kutobeba sikuikubali hata siku moja, nilikuwa nabeba bibi akigeuka.

Ratiba ndo uti wa mgongo wa kazi. Asubuhi kigari, saa sita chakula, kulala, tena kigari, saa kumi na moja jioni yai la kuchemsha na vipande vya tosti ambavyo watoto wanaviita askari, kuoga, saa moja kitandani. Watu wanadhani huu ni ukali. Mtoto akijua kinachofuata ni kipi hagombani na wewe, ndo siri yenyewe. Na tumbo likimsumbua kuna graipu wota, ambayo hata mamangu alitupa sisi, kumbe ilitungwa Nottingham 1851, na ya zamani ilikuwa na pombe ndani, ndo maana tulikuwa tunalala!

Sasa turudi kwenye jina. Pale Kensington Gardens, bustani kubwa ya London, mayaya wazee walikuwa wanaitana kwa jina la familia wanayoifanyia kazi, na wa kwa lodi ana heshima kuliko wa kwa daktari. Ukihama nyumba, jina nalo linabaki kule. Emily Ward alipoanzisha chuo cha Norland 1892 vita yake ilikuwa hiyohiyo, kwamba huyu ni mtu wa taaluma, si kijakazi, na mtoto hapigwi. Chuo kipo mpaka leo, sasa kiko mji wa Bath, wanafunzi na sare zao za kahawia, na sa hizi wanafundishwa hadi kuendesha gari linaloteleza na kujilinda.

Lakini sare haikulindi mlango ukifunguliwa. Elizabeth Everest alimlea Winston Churchill, yule aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Uingereza, tangu mchanga. Walimwita Mrs Everest, yaani Bi mwenye mume, wakati hakuwahi kuolewa, ni heshima tu waliyompa, na mtoto mwenyewe alikuwa akimwita Woom. 1893 familia ikamwachisha kazi, watoto wamekua. Alipofariki 1895 Churchill alienda mazikoni na akalipia jiwe la kaburi. Nami nyumba moja walinipa siku mbili niondoke, miaka sita nimelea pale, mtoto hakuambiwa, nikamwacha shule nikaenda stesheni na sanduku. Hilo hakuna chuo kinachofundisha.

Yule wangu wa kwanza, wa 1978, hakunipoteza. Alipooa alitualika mimi na mume wangu. Kwenye meza kila sahani ina kikadi cha jina, kina Charles, kina Sir fulani, changu kimeandikwa Nanny tu. Mume wangu, mtu wa Lamu, akakiokota, akavaa miwani, akasoma kwa sauti kama anauliza swali: "Nani?"

Nikamwambia kaa chini, ni mimi.