Uniti kwa mita, au uniti kwa mtu?

Ukitaka kujua kama jengo linakula umeme mwingi, njia iliyozoeleka ni kuchukua uniti za mwaka mzima na kuzigawa kwa ukubwa wa sakafu. Uniti unayonunua kwenye LUKU ndiyo hiyohiyo kilowati-saa, kwa hiyo jibu hutoka kwa kilowati-saa kwa kila mita ya mraba. Namba ikiwa ndogo, jengo linasifiwa. Kipimo hiki ni chepesi na kinatumika karibu kila nchi, ila kina kasoro ya kuchekesha: jengo linaloshika namba moja ni lile lililofungwa kufuli.

Ndipo ikaja dhana ya kupima ufanisi wa nishati kwa kumzingatia mtumiaji. Hapa tunauliza umeme huo umehudumia watu wangapi, kwa saa ngapi, na kama watu wenyewe walikaa humo kwa raha.

Chukua ofisi mbili za kubuni, kila moja mita za mraba 1,000. Ya kwanza inatumia uniti 120,000 kwa mwaka, ya pili 80,000. Kwa mita ni 120 kwa 80, ya pili imeshinda. Sasa hesabu vichwa. Ya kwanza ina wafanyakazi 100, kila mmoja anaangukia uniti 1,200. Ya pili wamo 20 tu, na kila mmoja anabeba 4,000. Kama ile ya kwanza ina zamu ya usiku pia, tofauti inazidi kukua ukigawa kwa saa. Mfumo wa Australia uitwao NABERS, unaoyapa majengo nyota, hauangalii sakafu peke yake: kwa ofisi huingiza pia saa za kazi kwenye hesabu.

Kugawa kwa vichwa nako kuna mtego. Wabane watu 200 kwenye ukumbi uleule, zima viyoyozi, namba itang'aa huku mashati yameganda mgongoni. Kwa hiyo raha ya mtu nayo lazima ipimwe. Mwaka 1970 Mdenmark P. O. Fanger alitoa kanuni yenye mambo sita: joto la hewa, joto linalotoka kwenye kuta na vitu vya jirani, mwendo wa hewa, unyevu, nguo ulizovaa na kazi unayofanya. Jibu lake ni kati ya −3, baridi kali, na +3, joto kali.

Baadaye watafiti waliona kwamba mtu anayeweza kufungua dirisha mwenyewe huvumilia joto kuliko kanuni ile inavyokisia. Kiwango cha Marekani cha raha ya watu ndani ya majengo, ASHRAE 55, kiliingiza hilo mwaka 2004: kwa jengo linalopata hewa ya madirisha, zidisha wastani wa joto la nje kwa 0.31, kisha ongeza 17.8, upate joto la ndani linalowafaa watu. Mwezi ambao wastani wa Dar es Salaam ni nyuzi 27, jibu ni kama 26. Si 18.

Nataja 18 kwa sababu nimeiona mara nyingi mno kwenye rimoti. Ofisi moja niliyokuwa naingia, dada wa mapokezi alikuwa na sweta la kudumu, limetundikwa kwenye kiti, na adhuhuri hufungua dirisha kidogo ili apate joto. Kiyoyozi kinahangaika kupoza hewa ya nje. Ukigawa uniti za pale kwa mita huoni kitu. Sweta ndilo linalosema kuna umeme unaolipiwa ili kumtesa mtu. Feni moja ya dari, ambayo kwa kawaida haifiki wati 100, ingetosha meza yake.

Kazi ngumu ni kujua nani yumo na saa ngapi. Daftari la mlinzi getini linasaidia, ingawa wengi husaini kuingia na kusahau kutoka. Wengine hufunga kihisi cha hewa ya kaboni dioksidi, maana watu wakijaa chumbani kiwango chake hupanda. Na kuhusu raha, bado hakuna kifaa kinachoshinda kumuuliza aliyekaa pale: leo unasikia joto, baridi, au hapana? Umuulize saa nane mchana, si asubuhi akiwa ndiyo kwanza ameteremka kwenye daladala.