Mshukiwa wa ugaidi na risasi ya polisi: sheria ya Kenya inasema nini

Operesheni dhidi ya ugaidi inapoishia kwa kifo, malalamiko huja kwetu watetezi wa haki kutoka pande mbili. Familia huuliza kwa nini kijana wao hakupelekwa kortini. Wengine hutulaumu kwa kuhangaikia haki za gaidi. Wote hukosea mahali pamoja: wanaamini sheria ya matumizi ya bunduki hubadilika mtu anapoitwa gaidi. Haibadiliki. Kinachopimwa ni hatari iliyokuwapo dakika ile risasi ilipofyatuliwa.

Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linamtaka afisa ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu. Bunduki hutumika pale tu njia nyepesi zisipotosha: kuokoa maisha, au kujikinga na kumkinga mwingine dhidi ya hatari iliyo karibu ya kifo au majeraha mabaya. Marekebisho ya 2014 yaliongeza hali nyingine, ikiwemo kumzuia aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa asitoroke kizuizini, lakini sharti hilo la njia nyepesi lilibaki. Kabla ya kufyatua, afisa hutoa onyo na kumpa mtu nafasi ya kulitii, isipokuwa onyo lenyewe lingehatarisha maisha au lisingefaa kitu.

Aliyejifunga vilipuzi, kidole kikiwa kwenye swichi, hapewi onyo, wala hapigwi mguuni. Swali la kwa nini polisi hawakulenga mguu tu tumelijibu mara nyingi mno. Risasi ya mguuni haizuii kidole kubonyeza, na ikimkosa inaweza kumpata mpita njia. Lakini jina kwenye orodha ya wanaosakwa si kilipuzi. Mwenye jina hilo akikutwa usingizini, mikono mitupu, anakamatwa, na Ibara ya 49 ya Katiba inataka afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya korti muda huo ukiisha korti zikiwa zimefungwa. Kumuua mtu aliyekwisha kusalimu amri ni mauaji, awe alishukiwa kwa lolote lile.

Shuku huweza kuwa kosa tupu. Tarehe 22 Julai 2005, siku moja baada ya majaribio ya mabomu kushindwa jijini London, polisi walimpiga risasi Jean Charles de Menezes ndani ya treni katika kituo cha Stockwell. Alikuwa fundi umeme kutoka Brazili, hana bomu wala uhusiano na ugaidi; alidhaniwa kuwa mtu mwingine. Hakuna afisa aliyeshtakiwa binafsi, ila mwaka 2007 idara ya polisi ya jiji hilo ilitozwa faini ya pauni 175,000. Ndiyo maana uchunguzi mzuri hauanzi kwenye risasi. Huanza nyuma: taarifa ilitoka kwa nani, ilihakikiwa vipi, na je, palikuwa na nafasi ya kumkamata mapema?

Wapo wanaosema korti ni dhaifu mno kwa magaidi. Shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2015 liliua watu 148. Lakini Julai 2019 korti jijini Nairobi ilimfunga mmoja wa washtakiwa wa shambulio hilo maisha, na wengine wawili miaka 41 kila mmoja. Isitoshe, mshukiwa aliye hai anaweza kuhojiwa kuhusu waliomtuma na waliompa fedha.

Sasa utaratibu, ambao wengi huupuuza. Afisa aliyefyatua risasi humwarifu mkubwa wake mara moja, hata kama hakuna aliyejeruhiwa. Kukiwa na kifo au jeraha baya, mkubwa huyo ni lazima aiarifu Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, IPOA. Majeruhi hutibiwa na jamaa huarifiwa. Afisa hawezi kujitetea kwamba alifuata amri haramu ya mkubwa wake. Ushahidi ukipatikana, faili huenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Kesi ya mauaji husikizwa na Mahakama Kuu, na adhabu ya juu ni kifo, ingawa tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2017 jaji halazimiki kuitoa.

Yeyote anaweza kulalamika IPOA. Andikisha pia taarifa kituoni na uondoke na nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Familia za Kiislamu hupenda kuzika siku hiyo hiyo, na tunaliheshimu hilo; tunachoomba ni upasuaji wa maiti ufanywe kwanza, daktari wenu akiwepo ikiwezekana, kwa sababu kufukua baadaye kunahitaji amri ya korti na huwaumiza upya. Nguo za marehemu zisifuliwe wala zisichomwe. Ziacheni zikauke, mzitie katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kisha mmkabidhi mchunguzi mwenyewe na kudai stakabadhi. Masalia ya baruti kwenye kitambaa yanaweza kumwonyesha mtaalamu kama bunduki ilikuwa karibu au mbali.