Je, wajua kwa nini mwenye gari la umeme huchomoa waya betri ikifika asilimia 80?

Simama nusu saa kwenye kituo cha kuchaji magari kando ya barabara kuu, utaona jambo litakalokushangaza kama umezoea kituo cha mafuta. Gari linaingia, dereva anachomeka waya, anakwenda msalani, anajinyoosha mgongo, anarudi na kutupia jicho skrini: asilimia 78. Anasubiri kidogo. Namba ikigonga 80 anachomoa waya na kushika njia, ilhali bado ana mamia ya kilomita mbele yake. Nyuma yake hakuna foleni, wala hakuna aliyemfukuza. Mbona hajazi kabisa?

Kwa kifupi, asilimia 20 zilizobaki zingeweza kumla muda karibu sawa na zote alizokwisha kujaza. Sababu yenyewe iko ndani ya betri, na ukishaielewa, mambo mengi ya gari la umeme yaliyokuwa yakionekana kama vituko yanaanza kuleta maana.

Anza na skrini ya chaja. Tuseme gari lina betri ya kilowati-saa 60 (hicho ni kipimo cha nishati inayobebwa), ukubwa wa kawaida tu, na chaja ina uwezo wa kutoa kilowati 100 (hicho ni kipimo cha kasi ya kuitoa). Gari likianza na asilimia 15, namba ya kilowati hupanda upesi hadi 90 na ushei. Betri ikifika nusu, namba hiyo imeshashuka hadi 70 hivi. Kwenye asilimia 80 unaona 40. Kwenye 90 unaona 20. Ukiwa na moyo wa kungoja hadi 97, utakuta 7 au 8, kiasi ambacho hata chaja ndogo ya ukutani nyumbani hukitoa bila jasho. Namba zenyewe hutofautiana gari kwa gari, lakini mteremko huo utaukuta karibu kila mahali. Chaja haijaharibika. Ni gari linaloiambia ipunguze, na hata simu yako mfukoni hufanya vivyo hivyo: hukimbia mwanzoni, ikikaribia kujaa hujikongoja.

Kinachofanya hivyo ni lithiamu, metali nyepesi iliyomo ndani ya betri hizi. Betri za aina hii, ziitwazo lithiamu-ioni, ziliingia sokoni mwaka 1991, Sony walipoanza kuziuza, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia kwa kazi iliyozizaa. Ndani ya kila seli, yaani kijibetri kimoja kati ya vingi vinavyounda betri nzima, mna pande mbili, zimetenganishwa na utando mwembamba uliolowa kimiminika. Upande mmoja, kwa betri nyingi, ni grafiti, ile ile nyeusi iliyomo ndani ya penseli. Grafiti ukiiangalia kwa ukaribu kabisa ni tabaka juu ya tabaka la kaboni, mfano wa mikeka iliyorundikwa. Unapochaji, chembe za lithiamu zenye chaji, yaani ioni, hutoka upande wa pili, huogelea katika kile kimiminika, kisha hujipenyeza katikati ya mikeka. Ukiendesha gari zinarudi zilikotoka, na safari hiyo ya kurudi ndiyo inayozungusha magurudumu.

Betri ikiwa karibu tupu, kazi ni nyepesi. Mikeka iko mitupu, na ioni inayofika ukingoni inaingia bila kubisha hodi. Lakini grafiti ina kikomo: ikijaa kabisa, kwa kila atomu sita za kaboni kuna moja ya lithiamu, basi, hakuna nafasi nyingine. Rundo lenyewe hutuna kwa karibu sehemu moja ya kumi. Kabla ya kufika hapo, kingo za mikeka zimeshajaa, na ioni zinazokuja nyuma lazima zingoje zilizotangulia zisogee ndani. Kusogea huko kuna mwendo wake. Hakuna kompyuta inayoweza kukuharakisha.

Je, ukizilazimisha? Hapo ndipo gari linapoogopa. Ioni zikifika kwa wingi kuliko zinavyoweza kupenya, zinaishia nje, zinageuka kuwa lithiamu ya metali na kuganda juu ya grafiti. Sehemu ya metali hiyo hairudi kazini tena, kwa hiyo betri imepoteza uwezo wake moja kwa moja. Kibaya zaidi, inaweza kuota kama sindano nyembamba, na sindano ikitoboa ule utando, pande mbili zinagusana na seli inapiga shoti. Ndiyo maana kompyuta ya gari hulinda volti za kila seli kama mboni ya jicho. Kwa aina nyingi za betri, mpaka ni takribani volti 4.2. Seli zikifika hapo, gari halikubali volti zipande tena. Kinachobaki ni kupunguza mkondo, kidogo kidogo, hadi zile ioni za mwisho zipate pa kulala.

Baridi huharibu hesabu hii yote. Betri ikiwa ya baridi, ioni husogea polepole, na hatari ya kuganda nje huja mapema, hata betri ikiwa na asilimia 20 tu. Dereva anafika kwenye chaja ya kilowati 100 na kupewa 30. Magari mengi ya sasa yana dawa yake: ukiliambia gari kupitia ramani yake kwamba unakwenda kituo cha kuchaji, linaanza kuipasha betri joto mkiwa bado njiani, ili mfike ikiwa na nyuzi joto za kutosha kupokea umeme kwa kasi. Asiyetumia ramani ya gari kwa sababu njia anaijua huikosa faida hiyo, kisha huilaumu chaja. Joto kali nalo halifai. Ule mvumo wa feni unaousikia gari likichaji wakati wa jua ni jitihada za kuipoza betri, na magari yasiyo na mfumo wa kupoza kwa kimiminika huweza kuchaji vizuri mara ya kwanza, halafu mara ya pili au ya tatu siku hiyo hiyo yakagoma kupokea kwa kasi.

Hapa niseme jambo ambalo watu hulichanganya sana. Huenda umesikia ushauri wa kutochaji gari zaidi ya asilimia 80 nyumbani. Ushauri ni mzuri kwa magari mengi, lakini hauna undugu na ile 80 ya barabarani. Ya barabarani ni habari ya muda. Ya nyumbani ni habari ya uzee: betri inayokaa siku nyingi ikiwa imejaa pomoni, hasa mahali penye joto, huchakaa haraka kuliko inayokaa katikati. Kujaza hadi 100 alfajiri ya safari na kuondoka mara moja hakuna neno. Kinachoiumiza ni kuijaza Ijumaa na kuliacha gari juani hadi Jumatano.

Turudi barabarani, tupige hesabu. Una kilomita 450 za kwenda. Kwa mwendo wa barabara kuu, gari letu la kilowati-saa 60 linakula 20 kwa kila kilomita 100. Umeondoka nyumbani limejaa. Baada ya kilomita 250 limekula 50, limebaki na 10, karibu asilimia 17, na hapo ndipo unasimama. Zimebaki kilomita 200, zinazohitaji kilowati-saa 40. Weka na akiba kidogo. Ukichaji hadi 80 una 48, unafika na ziada ya 8. Kusimama huko kumekugharimu kama dakika 35. Ungeng'ang'ania hadi 100 ungekaa pengine nusu saa nyingine, ukapata kilomita 60 ambazo hukuzihitaji. Na safari ikiwa ndefu zaidi, vituo viwili vifupi hukufikisha mapema kuliko kimoja kirefu, kwa kuwa kila mara unachaji katika ile sehemu ambayo betri ina njaa.

Aliyekulia kwenye gari la petroli huona hili ni kinyume cha akili. Amefunzwa kutoiruhusu geji ishuke, na akifika kituoni kujaza tangi hadi mdomoni. Gari la umeme, kwa upande wa kuchaji, hupenda ufike likiwa na kidogo, asilimia 10 au 15, kwa sababu hapo ndipo linapomeza umeme kwa kasi kubwa. Sisemi ucheze kamari na asilimia 3 usiku. Chaja unayoitegemea inaweza kuwa mbovu, na kilomita 40 za akiba za kukufikisha kituo kingine si woga, ni busara.

Mbona petroli haina tabu hii? Kwa sababu petroli humwagwa tu, haihitaji kupangwa mahali pake chembe kwa chembe. Lita moja ina nishati ya karibu kilowati-saa 9. Ina maana betri nzima ya kilowati-saa 60 imebeba nishati isiyofika lita 7 za petroli, kiasi ambacho pampu ya lita 35 kwa dakika hukimwaga kwa sekunde 12. Cha ajabu ni kwamba gari la umeme hufika kilomita 300 na zaidi kwa kiasi hicho, kwa sababu mota hupoteza kidogo sana, ilhali injini ya petroli huitupa sehemu kubwa ya nishati yake kama joto.

Na kwa kuwa akiba yenyewe ni ndogo hivyo, kila kinachoigusa huonekana. Mwendo kasi ndio mlaji mkuu. Upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi: ukitoka kilomita 90 kwa saa kwenda 120, upepo unakusukuma nyuma kwa nguvu iliyoongezeka karibu asilimia 80. Gari lililokuwa likila kilowati-saa 15 kwa kilomita 100 linaweza kula 20 au zaidi. Ndiyo sababu gari la umeme huenda mbali zaidi mjini kuliko barabara kuu, kinyume cha la petroli. Mjini mwendo ni mdogo, na kila unapoachia pedali, mota hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya umeme betrini.

Milima ina raha yake. Kulipandisha gari la kilo 1,800 mita 1,000 juu kunahitaji karibu kilowati-saa 5, mbali na zile za kwenda mbele. Unaona asilimia zikiyeyuka, roho inakudunda. Ukianza kuteremka upande wa pili, namba inasimama, kisha inapanda, na sehemu nzuri ya ulichotoa inarudi. Lakini mtu aliyechaji hadi 100 kileleni haipati zawadi hiyo. Mikeka imejaa, umeme wa mteremko hauna pa kuwekwa, gari linapunguza ule mvuto wa kurudisha chaji, na dereva aliyezoea kupunguza mwendo kwa kuachia pedali tu anashtuka gari likiserereka. Hana budi kukanyaga breki.

Kanuni ya 80 ina watu wasioihitaji. Magari yenye betri za lithiamu, chuma na fosfeti hustahimili kujaa kuliko wenzao, na watengenezaji wake wengi hushauri uyajaze hadi 100 mara kwa mara, mathalani kila wiki. Volti za betri hizo hazibadiliki sana kutoka tupu hadi kujaa, hivyo kompyuta hupoteza hesabu ya kilichobaki isipofika kileleni mara moja moja kujisahihisha. Kituo kinachofuata kikiwa mbali kuliko kilomita ulizo nazo, nako huna ujanja, utakaa ungoje.

Siku za kawaida, lakini, haya yote huyasikii kabisa. Soketi ya volti 230 inayotoa ampea 10 hurudisha kilomita 10 hadi 13 kwa kila saa, na gari linalokwenda kilomita 40 kwa siku huwa limejilipa kabla hujaamka. Wasafiri wazoefu hufanya vivyo hivyo safarini: hutafuta malazi yenye chaja ya ukutani, hufika jioni na asilimia 15 bila wasiwasi, huchomeka waya na kuingia ndani. Zile asilimia 20 za mwisho hupata saa zao hapo, gari likiwa limelala na mwenye gari pia.