Programu za Kusoma Baadaye: Watu Wanavyodhani na Mipangilio ya Akaunti Ilivyo

Nairobi watu husomea njiani. Matatu imekwama Pangani, makala ndefu inatokea kwenye simu, nafasi ya kuimaliza haipo, basi inahifadhiwa kwenye programu ya kusoma baadaye. Ndiyo maktaba ya wanafunzi, walimu na waandishi wengi ninaowajua. Tatizo ni kwamba ukurasa wa mipangilio ya akaunti huufungua mara moja, wakakuza herufi, wakaweka rangi ya usiku, wakatoka. Sehemu zinazoamua kama maktaba hiyo ni yao kweli hawazigusi, kwa kuwa kuna mambo wanayaamini ambayo hayako hivyo.

"Nikishahifadhi, makala haipotei tena."

Hii ndiyo dhana iliyowaumiza watu zaidi. Pocket, iliyoanza mwaka 2007 kwa jina la Read It Later na kununuliwa na Mozilla mwaka 2017, ilifungwa Julai 8, 2025. Kabla yake, Novemba 2024, ilifungwa Omnivore, programu huria (ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote) iliyopendwa sana. Readability ilikuwa imekwenda tangu 2016. Hata Instapaper, ambayo ingali hai, imepita mikononi mwa wengi: Marco Arment aliianzisha mwaka 2008, ikauzwa kwa Betaworks mwaka 2013, ikaenda Pinterest mwaka 2016, kisha ikajitegemea tena mwaka 2018. Huduma inapofungwa, mwenye akaunti hupewa muda wa kuchukua vyake. Aliyekuwa hafungui barua pepe siku hizo hukuta patupu.

Ukweli ni kwamba makala zako ziko kwenye seva ya mtu mwingine, na njia ya kuondoka nazo iko ndani ya mipangilio, kwenye sehemu ya kupakua data yako. Ijaribu sasa, huduma ikiwa nzima, uone inakupa nini hasa. Usidanganyike na neno "data zako zote". Faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) ambalo Pocket ilitoa lilikuwa na anwani za makala, vichwa, lebo na tarehe. Maandishi yenyewe hayakuwemo. Kama gazeti lilikwisha kuuondoa ukurasa ule, ulibaki na anwani isiyofunguka. wallabag, programu huria nyingine ya kusoma baadaye, ni tofauti: inakutolea makala nzima katika EPUB (muundo wa vitabu vya kielektroniki), PDF, JSON (muundo unaosomwa na programu nyingine) na miundo mingine. Mwanafunzi aliyekusanya habari za kesi za ardhi miaka mitatu ili aandike tasnifu, kwake hiyo ni tofauti ya kuwa na ushahidi na kutokuwa nao. Pakua kila mwezi, na faili usiliache kwenye simu ileile inayoweza kuporwa kituoni.

Anayehama asiogope kuanza upya. wallabag, kwa mfano, hupokea faili kutoka Pocket, Instapaper na Pinboard (huduma ya kuhifadhi viungo), na hata alamisho za Firefox na Chrome.

"Barua pepe yoyote itatosha."

Nenosiri likisahaulika, kiungo cha kuweka jipya kinatumwa kwenye barua pepe uliyojiandikisha nayo. Sasa fikiria wangapi wamejiandikisha kwa anwani ya chuo au ya ofisi, kwa kuwa ndiyo iliyo wazi mchana kutwa. Mkataba unaisha, au mtu anahitimu, anwani inafungwa, na akaunti inabaki hewani bila mwenyewe kuweza kuifikia. Wanaoingia kwa kubonyeza akaunti ya Google ya kazini wako katika hatari hiyohiyo, tena bila kujua, maana hawakumbuki hata kuwa walichagua. Badilisha anwani ungali na uwezo wa kufungua ile ya zamani, kwa sababu huenda ujumbe wa kuthibitisha ukatumwa huko.

Ukiwa papo hapo, washa uthibitishaji wa hatua mbili kama upo. wallabag inakuruhusu kutumia msimbo unaotumwa kwa barua pepe au unaotolewa na programu ya misimbo kwenye simu. Mimi napendekeza hii ya pili. Hapa kwetu kuna matapeli wanaohamisha laini ya mtu hadi kadi yao, na huduma yoyote inayotegemea ujumbe mfupi, hata barua pepe yenyewe, huenda na laini hiyo. Misimbo ya akiba, ya kuingilia simu ikipotea, iandike kwenye karatasi, uiweke nyumbani.

"Orodha yangu naiona mimi peke yangu."

Inategemea umewasha nini. Programu nyingi za aina hii zinaweza kutoa mlisho wa RSS, yaani anwani inayosambaza orodha yako yenyewe, ili makala zako zisomwe pia kwenye programu nyingine. Katika wallabag unabonyeza kitufe, tokeni (mfuatano wa siri wa herufi na namba) inatengenezwa, kisha unapewa anwani ndefu yenye tokeni hiyo ndani yake. Tokeni ni kama ufunguo wa geti la ploti: aliye nao anaingia bila kuulizwa jina. Ukiibandika anwani hiyo kwenye kundi la WhatsApp ili kumwonyesha rafiki makala moja, kundi zima limepata orodha yako isiyosomwa, na kila utakachoongeza baadaye watakiona pia. Kama ulitaka kushiriki makala moja, ipo njia ya kuitengenezea kiungo chake cha umma, na kiungo hicho kinaweza kuzimwa.

Hili halipaswi kuchukuliwa kwa wepesi. Orodha ya kusoma inaeleza mambo ambayo mtu hajamwambia hata mwenzi wake: dawa anazozitafiti, talaka anayoifikiria, kazi nyingine anayoitafuta huku angali ameajiriwa. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya kinalinda faragha yako, lakini hakiwezi kuizima tokeni uliyoigawa kwa mkono wako. Kitufe cha kuifuta au kutengeneza nyingine kiko palepale kwenye mipangilio ya mlisho. Ukitengeneza mpya, anwani ya zamani inakufa.

"Nimebadilisha nenosiri, basi kila mtu ametoka."

Si lazima. Tokeni ya mlisho haina uhusiano na nenosiri, kwa hiyo itaendelea kufanya kazi. Programu za nje ulizoziunganisha na akaunti huwa na vitambulisho vyake zenyewe, na huorodheshwa kwenye ukurasa wake maalumu. Pitia, futa usizozitambua. Anayetumia kompyuta ya saiba asiweke alama kwenye kisanduku cha kukumbukwa, na abonyeze kitufe cha kutoka kabla ya kuinuka. Kufunga dirisha la kivinjari hakutoshi.

"Kwa kuwa iko kwenye simu, nitasoma hata bila bando."

Kuhifadhi na kupakua ni vitu viwili. Makala uliyohifadhi kwenye kompyuta mchana huifikia simu pale tu simu inaposawazishwa, na mara nyingi sehemu ya kupakua kwa waifai pekee iko kwenye mipangilio ya simu, wala si ya akaunti. Sawazisha kabla hujatoka ofisini, ufungue makala moja ukiwa umezima data. Ikifunguka, safari ya Rongai ni yako.

Halafu kuna zile sehemu zinazodhaniwa kuwa pambo. Kasi ya kusoma, kwa mfano: wallabag huanza na maneno 200 kwa dakika, na kutokana na hiyo hukadiria kila makala itakuchukua muda gani. Maneno ya Kiswahili hubeba mengi kuliko ya Kiingereza, hivyo usishangae makadirio yakikosea. Shusha namba hadi yalingane nawe. Kinachonifurahisha zaidi ni kanuni za lebo. Andika kanuni readingTime <= 10, ipe lebo ya "matatu", na kila makala mpya isiyozidi dakika kumi itajiweka huko yenyewe.

"Nimeondoa programu kwenye simu, kwa hiyo akaunti imefutika."

Umeondoa programu tu. Akaunti, makala, lebo na maelezo uliyoyaandika pembeni vyote viko kwenye seva. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuomba data yako, isahihishwe inapokosewa na ifutwe inapostahili, pamoja na haki ya kuihamisha. Lakini njia ya haraka ni kuifuta mwenyewe ndani ya mipangilio. Soma polepole ukifika hapo. Katika wallabag kuna vitufe mbalimbali vilivyokaribiana: cha kufuta maelezo yote, cha lebo zote, cha makala zilizokwisha kusomwa, cha makala zote, na kile cha kufuta akaunti yenyewe. Hakuna kinachoweza kurudishwa. Pakua kwanza, fungua faili uhakikishe makala zimo na zinasomeka, kisha ndipo ubonyeze.