Mjusi wa Tendaguru: nani alitoa fedha, nani alichimba?

Kila suala la mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria ambaye mifupa yake ilichimbwa kilimani Tendaguru, Lindi, na kupelekwa Berlin, linapoibuka, bungeni au vijiweni, huzuka hadithi zilezile. Baadhi zina ukweli nusu, na hizo ndizo sugu zaidi.

Dhana: Mjerumani ndiye aliyegundua mifupa.
Wamwera wa maeneo hayo, kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, walikuwa wakiiona ikichomoza ardhini kabla mhandisi wa madini Bernhard Sattler hajafika mwaka 1906. Alichofanya Sattler ni kupeleka taarifa. Mwaka uliofuata akaja Eberhard Fraas, mtaalamu wa visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe) kutoka Stuttgart, na aliporudi kwao na mifupa ndipo Berlin ikatega sikio.

Dhana: Serikali ya Kaizari ililipia kila kitu.
Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Wilhelm von Branca, mkurugenzi wa makumbusho ya Berlin, ilimbidi atembeze bakuli. Kamati iliundwa, wakachangia matajiri na jumuiya za kisayansi. Mkono wa serikali ya koloni ulikuwepo, tena mzito: iliitangaza ardhi ya Tendaguru kuwa mali yake, kwa hiyo wenyeji hawakuwa na la kudai. Msaada huo haukuandikwa kwenye orodha ya michango, lakini bila huo fedha zote zile zisingechimba hata shimo moja.

Dhana: Wanasayansi wawili walichimba, wenyeji "walisaidia".
Hapa ndipo ninapokereka. Werner Janensch na Edwin Hennig walifika mwaka 1909 wakiwa hawajawahi kuchimba dinosaria Afrika. Vibarua walianza kwa mamia, na kufikia 1911 walikaribia 500. Wengi walihamia na familia, kijiji kikaota kilimani mahali ambapo hata maji yalifuatwa mbali.

Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani. Si nyapara wa kupiga kelele tu: yeye na mafundi wenzake walijua kuufukua mfupa uliopasuka vipande vipande bila kuusambaratisha, na kuufunga kwa safari. Mbao zilikuwa adimu, basi walipasua mianzi, wakaisuka kuuzunguka mfupa kama tenga refu. Kisha wapagazi wakabeba, siku nne kwa miguu hadi bandarini Lindi. Kazi ilipokwisha mwanzoni mwa 1913 zilikuwa zimetoka zaidi ya tani 200. Kusini ndiyo kwanza ilikuwa imetoka kwenye Vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata. Anayesifu unafuu wa gharama za msafara huo alikumbuke hilo.

Dhana: Mifupa ilipofika Berlin iliunganishwa mara moja.
Mjusi mkubwa, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, alisimamishwa mwaka 1937. Na si mnyama mmoja: mifupa ya wanyama kadhaa imekamilishana, na pengo limejazwa kwa plasta. Kusafisha kisukuku ni kazi ya miaka ya mishahara, na wafadhili wengi hupenda kulipia uchimbaji kuliko maabara. Zaidi ya miaka 100 baadaye, baadhi ya matenga ya mianzi yalikuwa hayajafunguliwa.

Dhana: Ni Wajerumani tu waliochimba.
Waingereza nao walichimba kuanzia 1924 hadi 1931. Kiongozi wao wa kwanza, William Cutler, alikufa kwa malaria mwaka 1925.

Dhana: Majina ya kisayansi humhusu mnyama tu, si watu.
Mwaka 1914 Janensch alimwita mjusi yule mkubwa *Brachiosaurus brancai*, kwa heshima ya Branca, mtembeza bakuli. Boheti alisubiri hadi 2007 ndipo *Australodocus bohetii* akapewa jina lake. Mnyama huyo anajulikana kwa pingili mbili za shingo.